Barua kwa Mwanangu: Salio Pekee Halisemi Kitu

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Kompyuta imefika salama, na kijana wa ofisi ya basi alikataa hata pesa ya soda. Nimeiwasha, nikaona hiyo Windows 11 inanikaribisha kwa picha za maua, nikaizima. Kwanza tumalize neno lako.

Umeniandikia: "Baba, hiyo Microsoft Money, programu yako ya hesabu za nyumbani, waliacha kuiuza tangu 2009. Ya nini kuhangaika nayo kwenye mashine mpya? Tuweke programu ya kisasa, tuandike salio la leo la kila akaunti, tuanze upya." Nilipomsomea mama yako alisema umesema kweli tupu, akarudi jikoni. Kwa hiyo mko wawili.

Mimi nilikula mshahara wa ukarani wa hesabu kwenye shamba la mkonge miaka yote mliyokuwa shuleni, na neno langu mnalijua: salio pekee halisemi kitu. Mkaguzi akija huwezi kumwambia benki tuna shilingi kadhaa, kwaheri. Atataka leja, atataka vocha, atataka kujua nani alitia saini na nani alipokea. Salio ni pale hesabu ilipofikia. Halikwambii ilipita wapi.

Tuje kwenye hiyo programu unayoiita ya marehemu. Ilianza kuuzwa 1991. Mwaka 1994 Microsoft walitaka kuinunua kampuni ya Intuit, wenye Quicken, programu ya kazi hiyohiyo, kwa karibu dola bilioni 1.5, kwa sababu Quicken ilikuwa inawashinda sokoni. Serikali ya Marekani ikaenda mahakamani kuzuia, na 1995 wakaliacha jambo lenyewe. Wakabaki na Money yao mpaka Juni 30, 2009. Na Quicken, iliyoshinda? Intuit nao wakaiuza kwa watu wengine mwaka 2016. Sasa hiyo ya kisasa unayotaka kuniletea, nani amekupa hati kwamba itakuwepo wajukuu wangu wakianza kazi?

Tena Microsoft waliondoka kiungwana, hilo nawapa. Mwaka 2010 walitoa toleo la mwisho la bure, Money Plus Sunset, ambalo halidai namba ya leseni wala kujisajili kwao. Ndilo alilolipakua kaka yako kwenye kafe ya intaneti mjini, akakaa huko mpaka magharibi. Kabla yake tulikuwa na ile iliyokuja ndani ya diski za Works Suite, furushi la programu za Microsoft, alizotuletea baba yako mkubwa kutoka Houston. Januari 2011 wakazima huduma za mtandaoni, zile za bei za hisa na taarifa za benki. Wamarekani walilalamika sana. Sisi Tanga hatukupungukiwa na kitu, maana benki yangu haikuwahi kuunganishwa nayo. Kila shilingi iliingia kwa mkono.

Na mkono wenyewe ulikuwa wa mama yako. Umesahau? Baada ya isha mimi nasoma stakabadhi, yeye anachapa. Mna nafasi pembeni ya kila malipo ya kuandika maelezo mafupi. Mimi ningeandika "namba ya stakabadhi" nikaishia hapo. Mama yako aliandika anavyojua yeye. Kuna mahali amechapa: "Redio nyingine. Za kwanza zinaimba vizuri tu." Kuna la Januari 2007, ada ya Korogwe: "Amelia njia nzima hataki bweni. Amenyamaza baada ya mkate wa kumimina." Huyo ni wewe, mama. Ukianza na salio la leo, mkate wa kumimina hauko, redio hazipo, na mimi naonekana mtu ambaye maisha yake yote alikuwa na kiasi fulani benki ya akiba.

Nilimwambia mama yako hivyo. Akajibu, "Mimi nayakumbuka yote bila kompyuta." Sikuwa na la kumjibu. Lakini yeye ana kumbukumbu, mimi nina leja, na tukibishana juu ya mwaka wa jambo, leja ndiyo inayoshinda. Mara nyingi.

Sasa kuna ile akaunti nyingine, ambayo najua unaiwaza na hukuitaja. Nyumba ya Bibi.

Unajua ilivyokuwa. Mwaka 2008 paa la Ngamiani lilikuwa linavuja mpaka kwenye kitanda chake. Tukachanga: baba yako mkubwa kwa Western Union, shangazi yako wa Muheza kwa mauzo ya machungwa, mimi kwa nilichokuwa nacho. Mimi nikawa mshika fedha, baba yako mdogo akawa msimamizi kwa sababu ndiye aliyekuwa akilala palepale. Nilimfungulia Bibi akaunti yake humo ndani. Kila aliyechukua fedha niliandika jina, tarehe, kiasi na kazi. Alipoleta stakabadhi ya mabati, nikaandika mabati. Asipoleta, nikaandika "kwa mdomo". Mwisho wa yote, zilizotoka kwa mdomo zilikuwa shilingi 640,000.

Idi ile, baraza imejaa, baba yako mkubwa yuko hewani na simu imewekwa katikati ya mkeka ili wote wasikie. Akauliza yeye, si mimi: kwa nini chumba cha nyuma bado kina bati la kutu? Nami nilikuwa nimekwishachapisha karatasi pale dukani kwa mpiga chapa, ile ripoti ya fedha zilikokwenda. Sikusema neno. Niliipitisha tu. Ilipomfikia shangazi yako aliisoma mstari kwa mstari, na kila mstari jina ni lilelile. Akaikunja mara nne, akanirudishia. "Kaka, hii si hesabu," akasema. "Hii ni hati ya mashtaka."

Baba yako mdogo akanyanyuka, akatafuta kandambili zake kati ya za watu, akatoka. Pilau lilikuwa bado halijapakuliwa. Tangu siku hiyo msibani huja, Idi haji.

Nimegombana na nafsi yangu juu ya karatasi ile kuliko juu ya jambo jingine lolote. Ningeweza kumwita pembeni. Lakini swali liliulizwa mbele ya watu. Ningelijibu faragha wangesema nimemfunika. Karatasi haikuwa na tusi. Ilikuwa na tarehe na viasi. Na jina. Hapo shangazi yako ana lake: ripoti ile inaweza kupangwa kwa jina la aliyepokea, au kwa aina ya matumizi. Ingepangwa kwa aina, watu wangesoma mabati, mbao, saruji, misumari, na chini kabisa zile za mdomo. Jumla ileile. Ila nani angetoka barazani kwa sababu ya misumari? Basi ndiyo hivyo. Lakini mtu aliyepokea kwa jina lake, aandikwe kwa jina lake. Ndivyo nilivyofundishwa kazi na ndivyo nilivyofanya kazi, na sijaona mkaguzi aliyenisahihisha.

Najua binti yake anaolewa na wewe ndiye mpambe. Huenda ndiyo maana neno "tuanze upya" limekuja mwezi huu na si mwingine. Au ni mimi ninayeona mambo yasiyokuwepo. Kama ni hivyo, nisamehe, soma mbele.

Kazi yenyewe nataka ifanywe hivi. Kabla hujagusa kitu kwenye ile kompyuta ya zamani, ambayo feni yake sasa inapiga kelele usiku kucha, nakili lile faili lenye mwisho wa .mny pamoja na nakala zake za akiba zenye mwisho wa .mbf. Weka kwenye flashi mbili, zikae nyumba mbili. Neno la siri ni jina la yule mbuzi wa Bibi, kwa herufi ndogo.

Kisha weka Sunset kwenye hii mpya. Usiogope umri wake. Ni programu ya biti 32, na Windows 11, ingawa yenyewe ni ya biti 64, bado inazipokea za namna hiyo. Itakachokulalamikia ni kwamba inataka Internet Explorer 6, kivinjari cha zamani cha intaneti, kitu ambacho vijana wa leo hawajawahi kukiona. Sababu ni kwamba kurasa zake nyingi zilichorwa kwa mashine ya ndani ya Internet Explorer, kwa hiyo kabla ya kufunguka huchungulia kwenye rejista ya Windows, lile daftari lake la ndani la mipangilio, kuangalia toleo. Kivinjari chenyewe kimeondolewa, lakini ile mashine yake ya ndani wameiacha humo kwa ajili ya programu za zamani. Kinachokosekana ni kuandikiwa namba ya toleo pale inapochungulia, na ikiiona hufunguka. Fundi wangu alifanya hivyo kwa mzee mmoja wa Chumbageni na akaunti zake zikafunguka zote. Ila rejista si mahali pa kuchezea. Chukua nakala yake kwanza, au mwite fundi.

Ikifunguka, hapo sasa nitakusikiliza. Mimi si mkaidi kama mama yako anavyosema. Najua siku itafika Windows nyingine itaikataa kabisa, na faili la .mny ni sanduku lililofungwa, huwezi kulisoma bila programu yake. Kwa hiyo toa kila akaunti kwa muundo wa QIF, moja moja, kwa sababu haitoi zote kwa pamoja. QIF ni maandishi matupu, nimeifungua mwenyewe kwa Notepad: herufi D mbele ya tarehe, T mbele ya kiasi, P mbele ya jina la mlipwaji, L mbele ya kundi la matumizi, na M mbele ya maelezo. Hiyo M ndiyo nitakayokuuliza. M zikipotea, umenipotezea mama yako wa miaka yote ile, na hakuna salio litakalonifidia.

Ukipenda, ziingize kwenye GnuCash, programu nyingine ya hesabu. Ni ya bure, haina kampuni moja ya kuamka asubuhi na kuifunga. Angalia tu fedha zilizohama kutoka akaunti moja kwenda nyingine, maana zitatokea kwenye mafaili yote mawili. Programu hujaribu kuzioanisha, wewe hakikisha haijahesabu mara mbili. Halafu linganisha salio la kila Desemba 31, la kale na jipya, mwaka kwa mwaka. Likitofautiana hata kwa shilingi, simama palepale, usiendelee.

GnuCash naipenda kwa jambo moja, na kwa jambo hilohilo naiogopa. Inaweka hesabu kama tulivyofundishwa, debiti na krediti, kila shilingi ina ilikotoka na ilikokwenda. Money ilikuwa na huruma, iliniruhusu kuacha malipo bila kundi. Zile 640,000 ziko humo miaka yote, zimetoka, hazijulikani zilikofikia. Huko kwingine utaulizwa ziende akaunti gani.

Mama yako amesikia nikisoma sentensi hiyo, akasema kutoka jikoni, "Andikeni matibabu." Unakumbuka mke wa baba yako mdogo alilazwa mwaka ule, muda mrefu. Hakuna stakabadhi ya matibabu. Hakuna aliyenitamkia matibabu. Mimi siandiki kitu kwa sababu kinapendeza kukiandika. Na kama ilikuwa matibabu, mtu ana mdomo, angeniambia ndugu yangu nimebanwa, ningempa na zaidi. Labda aliona haya. Kwangu mimi? Tumelala mkeka mmoja utoto wote. Na zile mbao za mninga zilizo kwenye stakabadhi yake, ambazo sikuziona juu ya paa lolote...

Naacha. Bibi yako alinishika mkono kabla hajafariki akaniomba nisiseme ninachofikiri juu ya fedha zile, nikamwahidi. Aliniambia nyumba ni yake, paa ni lake, na yeye hajamdai mtu. Nilitaka kumwambia kwamba michango haikuwa yake peke yake. Sikumwambia. Kwa hiyo hata wewe sitakwambia, ingawa mtu mwenye macho akisoma akaunti ile atajua nafikiri nini, na ndiyo maana nataka ihamishwe nzima, si salio lake, ambalo ni sifuri na limekuwa sifuri tangu 2009.

Ukifika kwenye mstari huo usiandike matibabu na usiandike kingine chochote. Uache kwenye zisizojulikana mpaka uje. Harusi ni Jumamosi. Fika Alhamisi, tuwe na siku moja ya kazi kabla hawajakuteka kwa mambo ya hina. Kadi ya mwaliko tumeletewa na kijana wake, ina jina langu na la mama yako. Mama yako ameshachagua kanga. Mimi sijasema ndiyo wala hapana.

Njoo na waya wa kuunganishia printa, huu wa zamani haushiki.

Baba yako