Sikuajiriwa ili nishukuriwe

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, wanafunzi wa siku hizi wana shukrani kwa walimu wao?", limenikuta nikisahihisha madaftari ya hisabati, nikayasukuma kando. Jibu langu la haraka: sioni kwa nini tuwadai. Mtoto hakuja kuniomba nimfundishe. Nalipwa, kidogo lakini nalipwa, na anayedai asante juu ya mshahara anataka kulipwa mara mbili.

Swali ambalo natamani mngeliuliza ni lingine: tunajuaje kwamba mwanafunzi amejitahidi? Malalamiko mengi ya utovu wa shukrani ninayoyasikia ofisi ya walimu yanaanzia hapo. Mwalimu anaamua nani ana bidii na nani mvivu, anamhangaikia anayemwona anafaa, kisha anakaa kusubiri malipo.

Niliwahi kuwa na binti mmoja kidato cha pili, simtaji jina. Daftari lake la darasani lilikuwa safi kupita kiasi, majibu yamepigiwa mistari miwili kwa rula na kalamu nyekundu. Mitihani yake ilikuwa mibaya. Wenzangu walikwisha kumweka kwenye kundi la wale wanaopamba daftari kuliko kichwa. Siku moja baada ya vipindi akanijia na daftari jingine ambalo sikuwa nimewahi kuliona, la mazoezi yake mwenyewe ya nyumbani. Lilikuwa limejaa mpaka jalada la nyuma. Milinganyo mitupu, ukurasa baada ya ukurasa. "Mwalimu," akasema, "mimi najitahidi. Angalia."

Nikaangalia. Karibu yote ilikuwa na kosa lilelile. Chukua huu: 10 − (x − 3) = 8. Yeye alifungua mabano akaandika 10 − x − 3 = 8, akapata x = −1, akaupigia mistari yake miwili myekundu. Ile alama ya kutoa iliyo nje ya mabano ilikuwa inaigusa x peke yake, 3 inapita salama. Alikuwa amelifanyia mazoezi kosa hilo usiku kwa usiku mpaka likamkaa mkononi. Kwenye mazoezi ya darasani halikuonekana, kwa sababu pale alinakili kutoka ubaoni, kwa uaminifu mkubwa.

Sikumwambia kosa liko wapi. Nilimwambia aichukue −1 yake airudishe mahali pa x, aone kama atapata 8. Akahesabu taratibu: −1 toa 3 ni −4, 10 toa −4 ni 14. Hapo hakukosea hata kidogo, na hilo bado linanishangaza. Namba zikiwa namba alijua vizuri kwamba kutoa hasi ni kuongeza. Herufi ilipoingia ndipo alipopotea. Akalitazama lile 14. Akahesabu upya, likatoka 14 tena. Nikampa chaki aufungue mabano upya akianza na maswali mawili yenye namba tupu, kisha turudi kwenye x. Akaandika 10 − x + 3 = 8, akapata 5, akairudisha mwenyewe bila kuambiwa, ikakubali.

Nilitegemea tabasamu. Badala yake alilivuta daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akizifuata zile −x − 3 kwa kidole. Uso ukabadilika. "Kwa hiyo zote hizi ni bure?" Nikajaribu kusema kwamba si bure. Hakunisikiliza. Akafunga mkoba, akatoka, na mlango aliufunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Asante hakuna. Kwaheri hakuna.

Nilirudi ofisini nimeudhika. Mwenzangu mmoja, aliposikia kisa, akasema, "Asante ya punda mateke," wengine wakacheka, nami nikacheka nao maana nilikuwa nimeumia. Nilikuwa nimekaa na mtoto huyo hadi wafagiaji wakaanza kunizunguka na mafagio.

Na hapa ndipo ninapojiona nimeanza kubishana na mwenyewe. Kwa miaka nimekuwa nikisema yule binti hakuwa na adabu. Leo, nikiandika, nauliza: alinuna kwa nini? Asiyejali hanuni. Ukimwonyesha mvivu kwamba daftari zima limekosewa, anainua mabega anakwenda zake. Yule alinuna kwa sababu alikuwa ametoa jasho kweli, na mimi ndiye niliyekuja na habari kwamba jasho lile lilimwagikia pasipostahili. Angenishukuru kwa habari hiyo papo hapo, pengine ningekuwa na sababu ya kushuku bidii yake.

Kwenye semina zetu tumeambiwa sana kwamba tusifu juhudi. Ushauri huo una msingi. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano nchini Marekani. Waliosifiwa kuwa na akili walivunjika moyo walipopewa maswali magumu yakawashinda, ilhali waliosifiwa kwa juhudi waliendelea kujaribu. Lakini semina huishia hapo. Dweck mwenyewe aliandika mwaka 2015 kuwaonya walimu kwamba juhudi pekee haitoshi: mtoto anahitaji pia kubadili njia anapokwama na kujua aombe msaada wapi. Kumpigia makofi yule binti kwa daftari lake lililojaa kungekuwa kumsukuma aendelee kupiga makasia mashua ikiwa bado imefungwa gatini.

Kuhusu zawadi za kumtia mtoto hamu sina mengi. Wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walionyesha mwaka 1973 kwamba watoto wadogo waliopenda kuchora, wakaahidiwa cheti ili wachore, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa chochote. Nahofia tunafanya jambo la aina hiyo tunapowaambia wasome "ili mwalimu afurahi". Furaha yangu inageuka kuwa cheti.

Sasa, kuna jambo linaloniharibia hoja yangu ya mwanzo, nami silifichi. Albert Camus alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957, alimwandikia barua Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi jijini Algiers, kumshukuru. Germain ndiye aliyempa masomo ya ziada na kuishawishi familia yake maskini imwache aendelee na shule. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini. Nikiisoma habari hiyo koo hunibana, na mtu ambaye kweli hajali shukrani koo halimbani.

Tena, Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha utafiti mwaka 2018 kuhusu watu walioombwa kuandika barua za shukrani. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona aibu na hawangeshangaa sana. Kumbe wapokeaji walishangaa na kufurahi kuliko ilivyotarajiwa, na aibu ilikuwa ndogo. Kwa hiyo huenda wanafunzi wetu wengi wanayo asante, wanadhani tu kwamba tunaijua tayari, au kwamba itachekesha.

Basi mkinibana nijibu swali lenu kama lilivyoulizwa: ndiyo, wanayo zaidi ya tunavyoiona, na ndiyo, wafundishwe kuisema, hata kama pale juu nimesema tusiwadai. Mshahara haunitoshi, kumbe, kwa maana zote mbili. Ila isiwe kadi inayonakiliwa ubaoni siku ya kufunga shule, kila mtoto maneno yaleyale. Isiingizwe kwenye ripoti kama kipengele cha tabia, maana watajifunza kuiigiza kwa ajili ya alama. Anayenuna aachiwe muda anune. Na wapo wenzetu, tunawajua, wanaoingia darasani na matusi na kutoka nayo. Mwanafunzi aliyepita mikononi mwao asiambiwe na mtu yeyote kwamba ana deni la asante.

Msomaji wenu, mwalimu wa hisabati