Dozi inapanda, maumivu nayo yanapanda

Natumia mofini mwaka wa tatu kwa ajili ya mgongo. Sasa hata shuka ikinigusa mguu naumia. Ugonjwa umesambaa?

Huenda, na daktari aanze kwa kuondoa shaka hiyo. Lakini maumivu yakihama mahali pake, yakatawanyika, na ngozi ikauma kwa kuguswa tu, shuku dawa yenyewe. Opioidi, yaani dawa kali za maumivu kama mofini na kodeini, zikitumiwa muda mrefu huweza kuzifanya neva ziwe kali: vipokezi vya NMDA, milango ya neva inayokuza ishara za maumivu, huamshwa kwenye uti wa mgongo, na ishara ndogo hufika kwenye ubongo ikiwa kubwa. Huku si kuzoea dawa. Aliyezoea akiongezewa dozi hupata nafuu. Wewe ukiongezewa utaumia zaidi, au utatulia siku chache kisha yarudi kwa nguvu. Inaniudhi kuona dozi ikipandishwa mara ya tatu, ya nne, na hakuna aliyeuliza maumivu yako wapi sasa. Chora umbo la mwili, tia alama panapouma leo na palipouma mwanzoni, umpelekee daktari.

Basi niache leo?

Hapana! Swali hili linarudi kila mara, na kila mara jibu ni lile lile. Ukikata ghafla utapata arosto: jasho, kuhara, kukesha, na maumivu juu yake. Aliyetumia zaidi ya mwaka hupunguza asilimia 10 kwa mwezi, au polepole zaidi, chini ya daktari. Miligramu 60 kwa siku zinashuka hadi kama 54. Usijikatie vidonge vinavyotoa dawa polepole; ukivikata au kuvisaga, dozi yote inamwagika mwilini kwa mkupuo. Na ukishashuka, usirudie dozi ya zamani usiku ukizidiwa, maana mwili hauihimili tena na pumzi inaweza kukatika. Ukichanganya na pombe au diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi), hatari inazidi. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya opioidi dozi ikizidi, iwepo nyumbani, na unayeishi naye ajue kuitumia.

Methadoni si ya waraibu?

Ni dawa ya maumivu pia, na huzuia vipokezi vile vile vya NMDA. Ila hujikusanya mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo dozi haipandishwi harakaharaka, na moyo upimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwanza.

Kodeini kwa kichwa kinachouma kila siku?

Hesabu siku, si vidonge. Siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe huweza kukiumiza kichwa.

Choo kigumu kinacholetwa na dawa hizi, mwili utakizoea?

Haukizoei. Meza sena, dawa ya kulainisha choo, kila siku, tangu dozi ya kwanza.