Kabla Hujakata Tiketi, Osha Kichocheo Chako

Juzi binti mmoja anayesoma uzamivu wa kemia ameniandikia: "Kaka, dhahabu yangu imekufa. Narudi nyumbani." Alimaanisha kichocheo chake cha dhahabu, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemia bila chenyewe kuisha, hakifanyi kazi. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nami niliwahi kuyasema hayo, nikiwa kwenye baridi ya Ujerumani.

Tulioingia fani hii sote tulivutwa na jambo lilelile. Dhahabu ya pete haishughuliki na kitu, ndiyo maana bibi anairithisha. Lakini mwaka 1987 mkemia wa Kijapani Masatake Haruta na wenzake wakaonyesha kwamba dhahabu hiyohiyo, ikitawanywa juu ya oksidi ya chuma kwa chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), inaunguza kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu, hata kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri. Nani asingetaka muujiza huo kwenye bomba lake?

Mimi nikapita njia ya mkato. Nikaloweka unga wa titania (oksidi ya titani) kwa asidi ya kloroauriki, yenye dhahabu na kloridi ndani yake, nikakausha, nikachoma kwenye tanuri, nikapitisha gesi ile. Kimya. Nikapandisha joto hadi nyuzi 100, kimya vilevile. Miezi minane! Msimamizi wangu akasema mbele ya kundi zima kwamba labda mikono yangu haijazoea maabara. Nimeshamsamehe, ila sentensi ile naikumbuka neno kwa neno.

Hadubini ya elektroni ndiyo iliyoniumbua. Nilitarajia chembe za nanomita 3, nikakuta madonge ya 20 na zaidi, kama ugali wa mwanafunzi wa bwenini. Mchawi alikuwa kloridi iliyotoka kwenye asidi ile. Ikibaki, inaziba sehemu ambazo gesi ingeshika, na ukipasha moto inaisaidia dhahabu kutembea na kugandana.

Nikaanza upya. Safari hii nilipandisha pH ya mmumunyo (kipimo cha uasidi; juu ya 7 si asidi tena) hadi karibu 9 kwa sodiamu hidroksidi, kwenye nyuzi 70, ili kloridi nyingi ing'oke kabla dhahabu haijakaa juu ya titania. Kisha nikaosha kwa maji ya uvuguvugu, nikaosha tena, nikaosha tena. Kila mara nilichota maji ya kuoshea, nikayatia asidi ya nitriki kidogo (usipofanya hivyo rangi ya kahawia itakudanganya), halafu tone la nitrati ya fedha. Yakigeuka meupe kama maziwa, kloridi bado imo. Ya sita yakabaki angavu.

Siku ya kupima, kaboni monoksidi iliisha kabla sijawasha hita. Msimamizi akaja, akatazama skrini, akauliza nani ameitengeneza. Mikono ileile, profesa.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Mnapenda picha nzuri za hadubini, kuosha mnamwachia nani? Osheni. Na gesi ikiisha yote msishangilie kama nilivyoshangilia: kichocheo kizuri na cha wastani vyote vinaweza kufika asilimia 100, hamtajua kipi bora. Punguzeni unga wa kichocheo mpaka gesi inayogeuka iwe chini ya asilimia 15, ndipo mlinganishe. Sampuli iwekeni gizani, mwanga huiharibu dhahabu taratibu. Na osheni, nimesema.

Wewe binti, tiketi iache kwanza. Kesho asubuhi chota maji ya mwisho uliyooshea, tia asidi, tia tone. Ukiona maziwa, nitumie picha.