Maswali ya Wasomaji: Je, Nibadili Shafti ya Fimbo Yangu ya Pool?

SWALI: Ndugu mwandishi, pokea salamu zangu kutoka Houston, Marekani, ninakoishi na kufanya kazi tangu nilipoondoka Tanga. Nimecheza pool kwa miaka tisa kwa fimbo moja yenye shafti (yaani ile nusu ya mbele ya fimbo) ya mbao ya kawaida. Siku hizi wenzangu wa ligi karibu wote wamehamia kwenye shafti zinazosifiwa kwamba zinapunguza mkengeuko wa mpira mweupe. Nilipoazima ya mmoja wao nilikosa hata mipira ambayo huwa siikosi, hasa nilipopiga spini ya pembeni, na wao wananiambia nivumilie tu nitazoea. Shafti yenyewe inauzwa zaidi ya dola 300. Je, tatizo ni langu au ni la shafti, na inafaa kweli nibadili?
Msomaji, Houston

JIBU: Ndugu msomaji, hukutaja mipira ile ilikosewa upande gani, lakini naamini ukikumbuka vizuri utaona kwamba ulipoweka spini ya kulia, mpira mweupe ulifika kulia zaidi ya ulipokusudia, na ulipoweka ya kushoto, ulifika kushoto zaidi. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, shafti haikuwa na kasoro, na mkono wako haukuharibika kwa usiku mmoja. Jicho lako limefundishwa kwa miaka tisa kufidia mkengeuko mkubwa, na siku ile lilifidia mkengeuko ambao haukuwapo.

Ukiugonga mpira mweupe katikati kabisa, huondoka kwa kufuata mstari wa fimbo. Ukiugonga upande wa kulia ili uzunguke, yaani ukiupa spini ya pembeni, hauufuati mstari huo, bali hukengeuka kidogo kwenda kushoto. Chanzo chake ni kitu kinachotokea katika muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, wakati ngozi iliyo kwenye ncha ya fimbo ingali imeugusa mpira. Ndani ya muda huo mpira huwa umekwisha kuanza kuzunguka, na uso wake unaozunguka huisukuma ncha ya fimbo kwenda kulia. Ncha nayo ina uzito, na uzito hausukumwi bila wenyewe kusukuma, kwa hiyo mpira hupata msukumo wa kwenda upande wa pili. Ncha ikiwa nzito, msukumo huwa mkubwa; ikiwa nyepesi, huwa mdogo. Uzito unaohesabika hapa ni wa sentimita 15 hadi 20 za mwisho wa shafti peke yake, kwa sababu mguso huisha kabla sehemu ya nyuma ya fimbo haijapata habari kwamba kuna lolote lililotokea mbele.

Hilo ndilo jambo lililofanyiwa kazi na watengenezaji tangu kampuni ya Predator ya Marekani ilipotoa shafti yake ya 314 katikati ya miaka ya 1990. Waliitoboa shafti kwa ndani upande wa mbele, wakaifanya fupi na nyepesi ile pete nyeupe iliyo chini ya ngozi, na baadaye katika shafti iitwayo Z wakapunguza kipenyo cha ncha hadi milimita 11.75, ilhali shafti ya kawaida huwa na milimita 13 hivi. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo ilitoa REVO, ambayo imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Wapo wanaoamini kwamba siri ya shafti hizi ni ulaini, yaani kwamba hupinda kwa urahisi zaidi. Ninaomba tuiache imani hiyo, kwa maana shafti za kaboni ni kakamavu kuliko za mbao na bado mkengeuko wake ni mdogo. Kinachotawala ni wepesi wa ncha.

Tuangalie sasa ukubwa wa tofauti yenyewe. Chukua mpira wa kawaida wa Marekani, wenye kipenyo cha milimita 57.15, uugonge milimita 12 kando ya katikati. Kwa shafti ya kawaida mkengeuko unaweza kufika nyuzi 2.7 hivi, na kwa shafti ya mkengeuko mdogo ukawa nyuzi 1.8. Kwenye karatasi tofauti hiyo haionekani kuwa kitu, lakini mpira mweupe ukisafiri mita moja na nusu, mkengeuko wa kwanza unakuwa sentimita 7 na wa pili sentimita 4.7. Maana yake ni kwamba ulipokuwa na shafti ya kuazima ulikuwa ukilenga kwa kosa la sentimita mbili na zaidi, na kosa la namna hiyo halikwaruzi tu mdomo wa shimo. Linabadilisha kabisa pembe ya mpira unaotaka kuuingiza. Angalia pia kwamba sentimita 4.7 zimebaki palepale. Hakuna shafti inayoondoa mkengeuko, na muuzaji anayekuambia kwamba sasa unaweza kulenga moja kwa moja bila kufidia chochote anakupotosha.

Kuna jambo la pili linalowachanganya wengi wanaobadili. Mpira wenye spini ya pembeni hukengeuka mwanzoni, kisha hupinda polepole kurudi upande wa spini, kwa kuwa fimbo karibu kila mara huwa imeinuka kidogo kwa nyuma ili ipite juu ya ukingo wa meza. Ukipiga kwa nguvu, mpira hufika kabla haujapata nafasi ya kupinda. Ukipiga taratibu, hupinda mapema na kufuta sehemu ya mkengeuko. Mchezaji wa shafti ya kawaida amezoea vitu hivi viwili vishindane na kukaribia kulingana katika mapigo ya taratibu. Shafti mpya hupunguza cha kwanza na kukiacha cha pili kama kilivyokuwa, na hivyo katika mapigo laini ya mbali mpira unaweza ukapinda hata kupita mstari uliokusudia. Dawa yake ni kushusha kitako cha fimbo, yaani nusu yake ya nyuma, kadiri ukingo unavyokuruhusu. Msuguano wa mpira kwa mpira, ambao nao huusogeza kidogo mpira wa rangi unapoguswa na mweupe wenye spini, haubadiliki hata chembe kwa kubadili shafti.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulipime kabla hujatoa hizo dola 300. Kila shafti ina egemeo lake, yaani umbali fulani kutoka kwenye ncha ambapo, ukiweka mkono wako wa mbele hapo, ukalenga katikati, kisha ukasogeza kitako ili ncha ihamie pembeni, mgeuko wa fimbo na mkengeuko wa mpira vinafutana na mpira unakwenda ulikokusudia. Kwa shafti nyingi za kawaida egemeo huwa kati ya sentimita 20 na 30 hivi, na wachezaji wengi huweka mkono wao wa mbele katika umbali huo huo. Kwa shafti za mkengeuko mdogo egemeo husogea nyuma, hadi sentimita 35, 40 au zaidi.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyosemwa. Ikiwa mkono wako wa nyuma una tabia ya kuyumba wakati wa kupiga, shafti yako ya zamani imekuwa ikikusamehe: ulikusudia katikati, ukagonga pembeni kidogo kwa bahati mbaya, lakini kwa kuwa mkono wa mbele ulikuwa karibu na egemeo, mpira ulikwenda karibu na ulikolenga. Shafti mpya haitoi msamaha huo kwa mkono uliokaa sentimita 25 kutoka kwenye ncha. Mimi mwenyewe nilipobadili, mapigo ya spini niliyazoea baada ya majuma machache, lakini mapigo ya katikati, yale mepesi, ndiyo yaliyonihangaisha kwa karibu miezi miwili, mpaka nilipojua kwamba kosa lilikuwa kwenye kifundo cha mkono wangu na lilikuwapo siku zote.

Jipime hivi. Weka mpira mweupe upande mmoja wa meza na mpira wa rangi mbele yake kwa umbali wa mita moja na nusu. Lenga katikati kwa katikati, kisha bila kusogeza mkono wa mbele, sogeza kitako upande wa kushoto ili ncha ihamie kulia, halafu piga kwa nguvu ya kutosha. Ikiwa mpira mweupe utaugonga wa rangi upande wa kushoto, mkono wako wa mbele umekaa mbali mno na ncha, usogeze mbele. Ukiugonga upande wa kulia, usogeze nyuma. Endelea mpaka ugonge sawasawa, halafu pima umbali huo kwa futi kamba na uuandike. Fanya hivyo kwa shafti yako na kwa ile ya kuazima. Ukiisha kuzijua namba hizo mbili, hutahitaji ushauri wa mtu anayekuambia uvumilie tu.

Ushauri wangu kwako ni huu: badili, lakini kwa sharti kwamba utacheza kwa shafti hiyo peke yake kwa muda usiopungua miezi miwili, na si katika msimu ambao ligi yenu iko kwenye hatua za mwisho. Mchezaji anayetumia shafti mpya Jumanne na ya zamani Ijumaa hulifundisha jicho lake lugha mbili kwa wakati mmoja, na hukosa kwa zote. Faida ya kweli ni kwamba kiasi cha kufidia kinapokuwa kidogo, kosa la kukadiria nalo huwa dogo, hasa kwa spini kubwa na umbali mrefu. Ikiwa mchezo wako ni wa spini kidogo na mpira mweupe unaokaa karibu, faida hiyo hutaiona mara nyingi, na dola zako zingenunua saa nyingi za meza. Efren Reyes wa Ufilipino, aliyejifunza akiwa mtoto katika ukumbi wa mjomba wake huko Manila, alikwisha kushinda mashindano ya pool ya US Open mwaka 1994, wakati shafti hizi zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia sokoni, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba spini yake haikufika.

Ukinunua, hakikisha skrubu ya maungio inalingana na ya kitako chako, kwa maana zipo za aina nyingi, kama 3/8×10, 5/16×14, 5/16×18 na Uni-Loc, na moja haiingii mahali pa nyingine. Linganisha pia kipenyo cha pete ya maungio. Na shafti ya zamani usiiuze. Iweke kwa ajili ya pigo la kufungulia mchezo, ambapo unapiga kwa nguvu zote, mkono wa nyuma huyumba kuliko wakati mwingine wowote, na msamaha wa egemeo la karibu unahitajika sana.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Sisi huku tunachezea meza ndogo za baa zenye mipira midogo, na fimbo ni zile zinazosimama ukutani kwa ajili ya kila mtu. Rafiki yangu aliyeko ng'ambo anataka kuniletea shafti ya mkengeuko mdogo. Itanisaidia?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Ikiwa mipira yenu ni ya inchi mbili, yaani milimita 50.8, uzito wake ni takriban gramu 120, ilhali mpira mkubwa wa Marekani huwa na gramu 156 hadi 170. Mpira mwepesi husukumwa kando kwa urahisi zaidi na ncha ile ile, kwa hiyo kwenu mkengeuko ni mkubwa kuliko anaouona rafiki yako, na ncha nyepesi ingekufaa. Lakini ncha ya milimita 12 au 13 ni pana mno kwa mpira huo. Huoni vizuri unagonga wapi. Mwombe akuletee fimbo nzima ya ncha nyembamba, ya milimita 9 au 10, iliyotengenezwa kwa mipira ya kipimo hicho. Shafti peke yake haitakufaa kitu kama huna kitako cha kuifunga.

Hata hivyo, nikuambie kwa moyo wote kwamba faida kubwa utakayoipata ni ya kuwa na fimbo yako mwenyewe, iwe ya aina gani. Fimbo za ukutani kila moja ina ngozi yake, nyingine imelika upande mmoja na nyingine imekuwa ngumu kama jiwe, na jicho haliwezi kujifunza kufidia kitu kinachobadilika kila jioni. Kwa unyevu wa pwani, shafti ya mbao uifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo na usiiache imeegemea ukuta usiku kucha, kwa kuwa hupinda.

SWALI: Fundi seremala wa mtaani kwetu amesema anaweza kuipunguza shafti yangu kwa msasa na kuitoboa mbele kwa keekee, nami nisinunue mpya. Nimruhusu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Kutoboa, hapana. Tundu likienda upande kwa milimita moja tu, ukuta wa mbao unabaki mwembamba upande huo na shafti hupasuka chini ya pete, mara nyingi katikati ya pigo. Kupunguza kwa msasa kunawezekana, lakini afanye kwenye mashine ya kukerezea, si kwa mkono, asizidishe nusu milimita kwa mara moja, na wewe ucheze majuma mawili kabla hujamrudia. Kabla ya yote hayo mwombe akutazamie ile pete: ikiwa ni ya shaba au ni ndefu na nzito, kuibadilisha kwa fupi ya plastiki ngumu kutapunguza uzito wa ncha bila kuitoboa shafti.