Mpini mpya wa wembe wa kukunja: anza na mninga, mpingo usubiri

Wembe wa kukunja ukivunjika mpini, wengi huutupa, na huku chuma chenyewe bado kina miaka ya kunyoa. Nasemea hasa zile nyembe kongwe za Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani, unazokutana nazo kwenye vyuma chakavu. Nyingi zilivishwa mpini wa selulodi, plastiki ya zamani, na selulodi ikizeeka hutoa mvuke unaokula chuma. Ukiona kutu imejaa pale tu wembe unapolala ndani ya mpini, usihangaike na gundi. Ng'oa wote, uchonge mwingine.

Kwa Tabora mbao si tatizo. Ila usiingie porini na panga: kuvuna kunataka kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mbao mbichi itakupindia mkononi. Pita kwenye karakana za samani jioni wanapofagia, omba masalia ya mninga. Mimi hupenda zaidi kipande kilichotoka kwenye kitanda au mlango mkuukuu, maana kimeshapigwa na masika na viangazi vya kutosha, kimetulia. Kila anayeanza anautaka mpingo kwa ule weusi wake. Sawa, ni mzuri, lakini ni mgumu, unamaliza meno ya msumeno, mafuta yake yanaikataa gundi, na ukitoboa karibu na ukingo unapasuka. Mninga unachongeka. Vumbi lake linawasha pua, kwa hiyo vaa barakoa.

Kabla ya yote, funga makali kwa utepe mzito.

Kata vibao viwili, urefu sentimita 15 hivi, unene milimita 3, nyuzi za mbao ziende kwa urefu. Zikikatiza, mpini utakatika penye tundu. Vibandike pamoja na karatasi katikati, uchore umbo kwa kufuata mpini wa zamani, uchonge na kutoboa vyote kwa mpigo mmoja. Ukimaliza, penyeza kisu kwenye karatasi, vinaachana bila kovu. Keekee ya milimita 1.6 inatosha, mradi isimame wima.

Sasa kabari, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ni kile kipande kidogo kinachokaa mkiani, kati ya vibao viwili. Watu hukichukulia kama cha kujazia nafasi tu. Hapana: kabari ndiyo inayoamua wembe utafungia wapi. Unene wake uwe pungufu kidogo kuliko shina la wembe, yaani ile sehemu nene isiyo na makali, ili vibao vikibanwa vijipinde kidogo na kulishika shina bila kulikaba. Halafu isuguliwe iwe nyembamba kuelekea ndani, pande zote mbili sawasawa. Upande mmoja ukizidi hata unene wa karatasi, makali yatagusa mbao kila unapofunga, na kunoa kwako kote ni bure. Weka msasa juu ya kioo, usugue kabari juu yake taratibu, ugeuze, upime, urudie.

Kabla ya kufunga pini, vile vijiti vya chuma vinavyopita matunduni na kushika vibao, paka nta. Mji wa asali huu, nta ya nyuki haikosekani. Iparuze kwenye tapentini, chombo ukiweke ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko, maana tapentini inashika moto. Paka hadi ndani ya matundu, ndiko maji hupenyea.

Pini nachonga kwa brasi (shaba ya njano) ya kuchomelea. Waulize mafundi wa rejeta. Acha ichomoze chini ya milimita moja juu ya wosha, kisha gonga kwa nyundo ndogo ukizungusha, mapigo mepesi na mengi. Mzee aliyenifundisha alikuwa ananisikiliza tu kwa mlio, akiwa amenipa mgongo: "Mwanangu, hiyo pini, si msumari wa bati."

Funga upande wa kabari kwanza, wa shina baadaye. Halafu ukunje wembe, uuinue dhidi ya dirisha: mwanga upite sawa kulia na kushoto. Ukiegemea upande mmoja, usiupinde mpini kwa mkono. Toa pini ya mkiani kwa tupa, urudi kwenye kabari.