Siku yangu ya kwanza Mto Kongo, kwa wewe unayejiandaa kwenda Yangambi

Juzi dada mmoja anayesoma misitu kaniandikia: "Kaka, nimekubaliwa kwenda kufanya utafiti Yangambi. Kwenye boti nibebe nini?" Nikamjibu haraka haraka: jaketi okozi, tochi, mifuko ya nailoni. Usiku usingizi ukanipaa, maana swali hilo na mimi niliwahi kuliuliza mwaka 2018, nilipokuwa naenda hukohuko Yangambi, Kongo (DRC), kupitia mji wa Kisangani. Msimamizi wangu alicheka tu. "Wewe si una Kiswahili? Kisangani utapata shida gani?"

Nikamwamini. Tena nikavimba kichwa. Nilipata A ya Kiswahili kidato cha nne, wacha niseme.

Habari za viza na ndege naziruka. Tuanzie gatini Kisangani, alfajiri, nikiwa na begi jipya na buti zinazolia kila ninapokanyaga. Simu yangu ilikuwa bado inasoma saa za Dar, ambazo ziko saa moja mbele, kwa hiyo niliwahi kuliko hata wapakiaji. Wala haikusaidia. Boti la mbao huko haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa. Tuling'oa nanga alasiri.

Kutoka Kisangani hadi Yangambi ni kama kilomita mia moja kufuata maji, na mwanafunzi wa misitu anapaota Yangambi kama mcheza mpira anavyoota Ulaya. Kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1933, enzi za Wabelgiji, na ghala lake la mimea iliyokaushwa ni kati ya makubwa kabisa Afrika ya Kati. Mimi nilikuwa naenda kupima miti. Kichwani nilishaanza kuandika shukrani za tasnifu.

Ndani ya boti hakuna viti. Unakaa juu ya mzigo: magunia ya chumvi, mapipa ya dizeli, mabunda ya mitumba, mbuzi wawili. Kila mama wa biashara anakaa juu ya mali yake, na ukiweka begi lako vibaya umeingia shambani kwa mtu. Mbele kabisa anasimama kijana na mti mrefu, anauchoma majini, anapaza sauti kumwambia nahodha kina kimebaki kiasi gani. Mto mpana hivyo, ambao kwa wingi wa maji duniani unazidiwa na Amazon peke yake, na bado boti linaweza kukwama kwenye fungu la mchanga, mkalala hapo mpaka kesho.

Njaa ilipouma nikamgeukia mama aliyekuwa pembeni yangu na sufuria. Nikamuuliza kuna chakula gani. "Sombe iko, samaki iko."

Hapa ndipo nilipojiharibia. Nilitabasamu, sauti ya mwalimu wa zamu ikanitoka: "Mama, tunasema sombe *ipo*. Na kwetu sombe inaitwa kisamvu."

Akanitazama kwa muda. Kisha akafunika sufuria. Akawageukia wenzake, akanukuu maneno yangu kwa sauti ya puani, na boti zima likacheka, hadi yule kijana wa mti. Kuanzia hapo jina langu likawa Ipo. "Ipo, sogea." "Ipo, mbuzi anakula kamba yako." Yaliyobaki walisema kwa Lingala, lugha ya mto, na mimi sikuwa na hata salamu yake.

Mvua ikapiga kabla ya magharibi. Ile ya msituni haianzi kwa manyunyu. Turubai lilikuwa la wenye mizigo, na begi langu nilikuwa nimeliweka chini, penye maji. Yule mama, kakauka, akaniambia: "Ambia mvua na ile Swahili yako ya Tanzania." Daftari zote zilinyonya maji. Nikalala na biskuti tatu.

Hadi leo inaniuma, sitadanganya. Msimamizi wangu huisimulia darasani kama kichekesho, bila kutaja kwamba yeye ndiye aliyenituma na Kiswahili mfukoni kama tiketi.

Basi dada, na wengine mnaotaka kutoka nje kama mimi nilivyotaka: sikiliza kwanza. Jaketi okozi nunua lako, usitegemee la boti. Dola zako ziwe safi, kwa sababu noti ya dola yenye mchaniko mdogo tu inakataliwa, ilhali faranga iliyochakaa kama kitambaa cha jikoni inapokelewa bila neno. Begi liwe juu, ndani ya nailoni. Jifunze salamu ya Lingala, "mbote" tu inatosha kuanzia. Halafu sikiliza. Tunatoka vyuoni tukidhani lugha ni yetu kwa sababu mitihani yake ilitungwa kwetu, wakati Kisangani watu walikuwa wanakizungumza Kiswahili hata bibi yangu hajazaliwa. Sikiliza, nakwambia.

Alfajiri Yangambi ikaonekana kulia. Mama alikuwa anaendelea hadi Isangi. Alifunua sufuria bila kuniangalia, akanipa sombe ya jana kwenye kifuniko. Nikala kwa mkono, nimesimama. "Asante mama, ilikuwa tamu."

"Ilikuwa?" akasema. "Iko."