Muulize Alikuwa na Nani

Nilikuwa na miaka 16 nilipomuuliza baba mkubwa, mbele za watu, kwenye shughuli ya harusi hapa Kanyenye, Tabora: "Baba mkubwa, kule Uganda uliua wangapi?" Aliweka sahani ya pilau chini, akanawa mikono, akaondoka kwa miguu mpaka kwake Cheyo. Hakunigombeza, wala hakulitaja tena. Lakini ile sahani naiona mpaka leo, nyama haijaguswa.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyepigana Vita vya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, nakuomba swali hilo usimuulize kamwe. Muulize alikuwa na nani.

Mimi nilichelewa kujua. Siku moja nasafisha jikoni kwake nikataka kutupa kijiko cha bati kilichopinda, mpini umechongwa herufi mbili kwa ncha ya msumari. Akanishika mkono. Nikamuuliza, "Cha nani hiki, baba mkubwa?" Akakaa, akaanza. Kilikuwa cha mtani wake, Mzaramo wa Kisarawe. Mwishoni mwa 1978 walipanda treni pamoja stesheni yetu hii ya Tabora kwenda Mwanza, wakavuka ziwa kwa meli mpaka Bukoba. Njia nzima ni utani wa Mnyamwezi na Mzaramo, mpaka wenzao wakaomba walale. Baba mkubwa akafika Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mtani wake hakufika. Jioni ile nilijua mengi kuliko hotuba zote nilizosikia kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa.

Wengi wa wazee hawa wamepita miaka 65. Kaeni nao sasa.

Na karatasi zao zitunzeni. Baba mkubwa aliwahi kushinda njaa kutwa nzima katika ofisi moja, kwenye uhakiki wa pensheni, kwa kuwa cheti cha kustaafu kilikuwa kimeliwa na mchwa. Iliniuma sana kumwona amesimama vile. Tangu siku hiyo nakala za cheti, kitambulisho na namba yake ya jeshi, ile inayoanza na MT, ziko kwenye bahasha ya plastiki, moja kwake na moja kwangu. Akiitwa popote, mtu wa nyumbani anamsindikiza.

Askari walio kazini nao wana haki yao. Binamu yangu alikuwa Kongo kulinda amani. Desemba 2017, habari za shambulio la Semuliki, kwenye kambi ya walinda amani wetu, zilipofika, shemeji, mke wa binamu, alikaa na simu mkononi usiku kucha, ya mumewe haipatikani. Majirani walikuja kuuliza, "Vipi, yuko salama?" Kila swali lilimwongezea kidonda. Aliyemsaidia ni mama mmoja wa mtaani aliyeingia kimya, akawaogesha watoto, akapika uji, akakaa. Mfanyie hivyo mke wa askari. Usimuulize mumewe yuko wapi hasa, na picha zake za kazini usizirushe kwenye magrupu.

Binamu alirudi salama, alhamdulillahi. Lakini kabla hajalala hata usiku mmoja kwake, ndugu walishajaa sebuleni na shida zao, wanasema ana hela za misheni. Ada, bati, mtaji wa bodaboda. Hapo sisi ndugu tulimkosea. Mwacheni kwanza alale, ale ugali wa kwao, awazoee watoto. Akishtuka usiku, au akitaka kukaa peke yake, asisimangwe.

Kubwa tulilomfanyia baba mkubwa ni safari. Tulichanga ukoo mzima tukampeleka Kaboya, Kagera, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Ni eneo la jeshi, kwa hiyo ulizeni utaratibu mapema. Na mzee wa umri ule msimsafirishe siku moja mfululizo. Sisi tulilala njiani.

Alitembea kati ya makaburi bila fimbo. Alipofika kwa mwenzake akavua kofia, akasoma Fatiha, akapangusa uso. Kisha akatoa kile kijiko mfukoni, akainama. "We Mzaramo," akasema, "mpaka leo umelala tu?" Akacheka, machozi yanamtoka. Tukasogea pembeni, tukamwacha na mtani wake mpaka jua likawa kali.